Zimamani Wawili wa Nachingwea

Nachingwea,
Jimbo la Kusini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ningekuwa karibu ningekuja kukupa mkono na kukaa jikoni kwako mpaka unifukuze, lakini kati yetu kuna safari ya meli na malori, basi pokea karatasi hii badala ya mkono. Mwanao Salimu ni mzima. Kile kikohozi cha vumbi la matrekta nilichokuandikia kimekwisha. Nyinyi je? Goti lako linakuruhusu kupanda mlima kwenda shambani, au bado Rajabu anakwenda peke yake? Na yule mbuzi mkorofi, amezaa?

Rajabu, ndugu yangu, najua ni wewe unayesoma. Msomee mama polepole, na usiruke mahali kwa kuona haya. Yote yaliyomo humu ni ya kusikiwa na yeye.

Mama, nina mke.

Nimelitanguliza hilo kwa kuwa barua hii nimeiandika mara nyingi nikiliweka mwisho, na kila mara nikaona nakuzungushazungusha, nikaichana. Salamu zako juu ya binti wa mjomba zilinifika kwa dereva mmoja wa Korogwe. Nakuomba radhi, na kwa mjomba uniombee. Sikumdharau mtu. Yaliyonipata huku yalinipata taratibu, na mwanzo wake si mwanamke. Mwanzo wake ni jina letu.

Unakumbuka nilivyoondoka nyumbani. Watu walikuwa wakisema Waingereza wanalima karanga kusini, mashamba hayana mwisho, na anayejua chuma cha trekta hatalala na njaa. Nilifika nikakuta msitu unaangushwa kwa minyororo mchana kutwa, na watu wa kila kabila wamelala kambini kama wasafiri wa meli. Asubuhi tulipanga mstari, karani akaita majina. Siku zangu za kwanza kabisa akaita, "Zimamani!" Nikasema, "Naam!" Na nyuma yangu sauti nyingine, nzito, ya mtu mzima, ikasema, "Naam!"

Watu wakacheka. Karani akakasirika. Mimi nikageuka, nikamwona mzee mrefu, ndevu zimeanza kuota mvi, ameshika shoka la kufyekea. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe.

Jioni alinifuata kambini. Akaketi bila kukaribishwa, akauliza, "Wewe Zimamani wa nani?"

Nikamwambia, "Salimu. Nimetoka Mombo, Jimbo la Tanga."

"Baba yako?"

"Alifariki nikiwa mdogo. Kwao Handeni, hivyo tunavyojua."

"Na jina hili alilipata wapi?"

Nikamwambia kama tulivyokuwa tukiambiwa nyumbani: kwamba marehemu baba alifanya kazi kwa Mjerumani wa mkonge kabla ya vita ile ya kwanza, na watu wakamwita kwa jina la bwana wake. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo." Neno moja tu. Kesho yake akaniletea mihogo ya kuchemsha na samaki mkavu.

Huyo ndiye Mzee Issa Zimamani wa Likunja, upande wa Ruangwa. Ni mkulima wa ufuta na mtama, Mwislamu mwenye kushika sala, na kazi ya karanga aliifanya kwa vipindi tu, shamba lake linapopumzika. Kiswahili chake ni cha sokoni, kimechanganyika na Kimwera, na akikasirika Kiswahili humtoka chote kikabaki Kimwera. Baba yake alikuwa fundi. Alipelekwa Lindi kupaua nyumba za Wajerumani walipojenga boma, akarudi Likunja na jina hilo. Alizaa wana wawili wa kiume, Issa na mdogo wake, Bakari.

Huyu Bakari, mama, alichukuliwa upagazi wakati wa vita hiyo ya kwanza. Askari walipita Likunja, wakawafunga vijana kamba, wakawatwisha mizigo. Issa alikuwa amekwenda kuwinda. Aliporudi akakuta mtama umemwagika uwanjani na mama yao amekaa chini. Tangu siku ile hakuna aliyeleta habari ya Bakari, ya uzima wala ya kifo. Mama yao alikataza asisomewe hitima. Alisema, "Mkimsomea mtamwua." Akafa akisema hivyo, na Issa akalishika neno la mama yake mpaka amezeeka.

Sasa fikiri mtu huyo anasimama kwenye mstari asubuhi, na kijana wa umri wa kuwa mtoto wa Bakari, aliyetoka mbali huko kaskazini, anaitikia jina lake.

Sikumdanganya hata siku moja. Nilimrudia mara nyingi: "Mzee, majina hufanana, na baba yangu aliitwa Juma." Yeye alisema tu, "Hata hivyo." Mwezi haukupita akanichukua kwao. Tulipokaribia Likunja alitangulia, na nilipofika uwanjani wanawake walikuwa wameshapiga vigelegele. "Mtoto wa Bakari amekuja!" Dada yake mkubwa, Bi. Fatu, ajuza mwenye macho mabovu na ulimi mzima, alinishika uso kwa viganja viwili. Akaupapasa kwa muda. Kisha akauliza jina, akaambiwa, akasema, "Zima-amani! Ndilo hilo hilo. Baba yetu alituletea jina la kuzima amani, na kweli ikazimika." Watu wakacheka, naye akalia.

Mimi ningefanya nini? Nilikuwa kambini, mtu wa kuugua peke yangu na kupona peke yangu. Nilipopatwa na homa, Mzee Issa alikuja kwa miguu, akanibeba kwa baiskeli ya kuazima mpaka kwake. Nikala naye sahani moja. Akanionyesha mipaka ya shamba lao na makaburi ya wazazi wake. Aliniita mwanangu, nami nikamwita baba mkubwa. Neno hilo mwanzoni lilikuwa zito mdomoni, baadaye likawa jepesi, na kisha likawa tamu. Sijui kama hilo ni kosa. Tangu alipokufa baba sikuwa na mtu wa kumwita hivyo.

Kisha karanga zikawashinda Waingereza. Mvua zilipokuja, zilikuja kwa wingi uliovunja matuta. Zilipokataa, ardhi ikawa saruji. Watu wakapunguzwa, kambi zikapungua, matrekta yakabaki yamejipanga yakiota kutu. Wenzangu wa Tanga walirudi. Mimi nilibakizwa karakana, na kila walipoaga nilikuwa nawasindikiza kituoni, nikirudi najiuliza nimebaki kwa ajili gani. Usiniulize utulivu, mama. Sikuwa nao. Nikiwa Nachingwea nilitaka kuwa Likunja; nikiwa Likunja nikawaza Mombo; na nikiwaza Mombo roho ilikataa kupanga mzigo.

Sababu niliijua, ila sikuitaja. Mzee Issa ana binti, Somoe. Alikuwa ameolewa Mbekenyera, akaachika bila kupata mtoto, akarudi kwao na kulima shamba lake mwenyewe la mikorosho na ufuta. Si mwanamke wa maneno mengi. Akicheka hufunika mdomo kwa kanga, lakini akikasirika haufuniki. Mimi nilikuwa namwita dada, kama ilivyonipasa. Siku moja wakati wa kuvuna ufuta tulikuwa tukikung'uta mabua juu ya jamvi, watu wengine wamekwenda kunywa maji, naye akasema bila kuniangalia:

"Salimu, kwa nini hurudi kwenu?"

"Kwani nimekuchosha, dada?"

Akaacha kukung'uta. "Miaka yote hii unaniita dada. Mimi sijakuitikia kaka hata mara moja. Hukuona?"

Mama, nilirudi nyuma katika fikra zangu siku baada ya siku, na kweli. Aliniita Salimu, aliniita wewe, aliniita bwana fundi. Kaka, kamwe.

Nikamwambia, "Baba mkubwa ataniua."

"Si baba yako mkubwa. Wewe mwenyewe umekuwa ukisema tangu siku ya kwanza. Au ulikuwa ukisema kwa adabu tu?"

Usiku na mchana vikawa kitu kimoja kwangu. Ukumbuke kwamba huku si kama kwetu, ambako mtoto wa baba mdogo na wa baba mkubwa huoana na watu wakala pilau. Huku watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu wa tumbo moja. Kumtamani mmoja wao ni uchafu wa kuosha kwa dawa. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: ili nimpate Somoe, lazima nisiwe mtoto wa Bakari. Na nisipokuwa mtoto wa Bakari, mzee aliyenibeba kwa baiskeli ya kuazima anapotewa na mdogo wake mara ya pili, na mpotezaji ni mimi.

Nilifungasha mara mbili nije zangu nyumbani. Mara ya kwanza lori liliharibika, nami kwa ujinga wangu nikalitengeneza likaondoka bila mimi. Mara ya pili nilifika Mtua, nikageuza.

Mwisho nikaenda kwa Mzee Issa mchana kweupe, nikamkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikakaa chini. Nikamwambia yote, jina la Somoe nikalitaja mwisho. Hakupaza sauti. Aliendelea kukwangua ule mpini mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema:

"Unataka kumwoa dada yako."

"Si dada yangu, mzee."

"Jina lako nani?"

"Salimu Zimamani."

"Na mimi?"

"Issa Zimamani. Lakini mzee, jina ni la Wajerumani. Wao ndio wanaojua lilikotoka na linakwenda kwa nani. Huko Mtua nimekuta fundi cherehani Zimamani, na baba yake ni Mngoni. Dereva mmoja wa Lindi ni Zimamani pia. Sote hatuwezi kuwa watoto wa Bakari."

Hapo akauweka mpini chini. "Kama wewe si mtoto wa Bakari," akasema, "basi niambie Bakari alifia wapi."

Mama, swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Siku chache alikaa bila kuniita kula. Bi. Fatu akasema nifukuzwe, kisha akasema nisifukuzwe. Mjomba wa Somoe, ambaye kwa mila ya huku ndiye mwenye kauli ya kumwoza, akasema hatasema lolote kabla Issa hajasema. Siku ya Jumatatu Mzee Issa akaja karakana mwenyewe, amevaa kanzu safi, akasema, "Wewe umesema Wajerumani ndio wanaojua. Twende tukamwulize Mjerumani. Nataka kusikia kwa masikio yangu, si kwa yako."

Njia ya Masasi iko misheni, na pale yupo Bruda mmoja mzee, mtawa wa Kijerumani, mwenye kusimamia mafundi. Kiswahili chake kizuri kuliko cha makarani wengi. Tulimkuta juu ya paa la darasa jipya, amevaa kofia iliyotoboka, anapima mbao. Akashuka polepole, akapangusa mikono, akatupa benchi. Mzee Issa hakutaka kuzunguka. Akamwuliza, "Zimamani ni ukoo gani kwenu?"

Bruda akacheka kidogo. "Zimamani? Mzee, Zimamani ndiye mimi."

Mzee Issa akasimama. Nami nikasimama.

"Si kwa jina," Bruda akasema haraka, alipoona nyuso zetu. "Kwa kazi. Kaeni." Akatuonyesha paa. "Anayepanga miti ile, akaiunga ikawa kichwa cha nyumba, kwetu huyo ndiye anayeitwa hivyo." Akalitamka kwa namna yake, likianza kwa mate na meno, si kwa herufi z yetu. "Zamani sana, zima ilikuwa miti ya kujengea. Siku hizi neno hilo limegeuka kuwa chumba, maana chumba kilitokana na miti. Na mani ni mtu. Mtu wa miti ya kujengea. Fundi wa kupaua."

"Lakini ni jina la ukoo pia," nikasema mimi.

"Ndiyo, limekuwa. Zamani watu wetu walikuwa na jina moja tu kama alivyobatizwa mtu. Vijiji vikakua. Ukiita Yohana wanakuja Yohana kumi. Basi watu wakasema Yohana fundi wa paa, Yohana mwoka mikate, Yohana mhunzi. Mtoto wa fundi akabaki na jina, hata kama yeye alichunga nguruwe. Na kila kijiji kilikuwa na fundi wake wa kupaua. Sasa fikirini jina lilivyoenea. Utakwenda kaskazini utalikuta, kusini utalikuta, ukivuka mpaka utalikuta, hata waliohamia Marekani wamelichukua. Kijijini kwetu palikuwa na nyumba tatu za jina hili. Hawakuwa ndugu. Mbili zilikuwa hazisalimiani."

Mzee Issa akainama akitazama miguu yake. Alikuwa anapanga maneno. Hatimaye akasema, "Baba yangu alipaua nyumba za boma Lindi. Jina alilipata kule."

"Basi hakupewa jina la mtu," Bruda akasema. "Msimamizi wa kazi alipotaka fundi aliita, 'Zimamani!' Naye baba yako akajua anaitwa yeye. Wenzake nadhani waliitwa hivyo pia. Na huyu kijana, baba yake alimfanyia kazi bwana wa jina hilo. Ni kama mto na kisima, maji ni maji, lakini havikutoka shimo moja."

"Kwa hiyo kwenu mtu akisikia jina hili haulizi udugu?"

"Haulizi."

"Na akiwa anamtafuta mtu aliyepotea?"

Bruda akavua kofia, akaitazama pale ilipotoboka. Akasema, "Hapo huuliza hata kama anajua, mzee. Mdogo wangu hakurudi vita hii ya juzi. Waliandika kwamba hajulikani alipo. Dada yangu bado anakwenda kituoni gari moshi linapoleta wafungwa wa vita. Anamwuliza kila mtu."

"Na wewe?"

"Mimi niko mbali. Mimi nafunga mbao."

Wazee wale wawili wakakaa pale benchini, mimi nikiwa nimesimama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Tulipoaga, Mzee Issa akampa Bruda mkono wa kulia, akauwekea na wa kushoto juu yake.

Tulipofika njia panda ya Likunja akasimama, akasema, "Usije leo. Njoo Ijumaa."

Ijumaa nikaenda. Nikakuta uwanja umefagiwa, mbuzi amechinjwa, na mwalimu wa msikiti ameketi na wasomaji wake. Ilikuwa hitima ya Bakari. Mzee Issa alikuwa amekaa mkekani na kibarua wa shamba lake, na majirani, na Bi. Fatu ndani akilia kama msiba umetokea asubuhi ile. Nadhani kwao ulitokea asubuhi ile. Nikatafuta pa kukaa, nisijue nikae na wenyeji au na wageni. Mzee akaninyoshea kidole upande wa wageni. Nikakaa. Waliposoma na kuomba dua, akalitaja jina la mdogo wake kwa sauti, marehemu Bakari bin Hassani, bila Zimamani. Ndipo akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Sikuweza kumwendea. Nilikuwa mgeni.

Baada ya arobaini mjomba wa Somoe akatoa idhini, na ndoa ikafungwa Likunja. Wakati mwalimu ananiuliza jina, nilimwona Mzee Issa amekaza macho. Nikasema, "Salimu bin Juma." Inatosha. Hilo la Kijerumani sikuliongeza.

Mama, ungempenda Somoe. Amepika leo kunde na nazi kwa namna niliyomweleza, zikashindwa kuwa kama zako, akasema zako nazo zingeshindwa kuwa kama zake. Kwa mila yao tumejenga kwa kina mke, si kwa mume, kwa hiyo nalala Likunja na siku za kazi niko karakana Nachingwea. Usidhani nimekutupa. Msimu wa korosho ukiisha nitamleta, mwonane.

Lakini kuna jambo sikulitazamia. Mkwe huku ana heshima yake, na heshima hiyo ni ukuta. Mkwe hali na baba wa mke. Hapiti mbele yake ovyo. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Mzee Issa sasa ananiita "bwana mkwe", akiniona huweka vazi vizuri na kunisalimu kama watu wanavyosalimu wakubwa wa kazi. Yale mazungumzo yetu ya makaburi na mipaka, hakuna tena. Nimempata mtoto wake nikamkosa yeye. Siku nyingine narudi kutoka Nachingwea nimechoka, namwona kwa mbali amekaa peke yake, natamani kukaa naye, nageuza njia kwa adabu. Somoe huona, hanisemeshi.

Mwezi uliopita lori liliwaleta vibarua wapya kutoka Songea. Mchana nikamwona Mzee Issa amesimama nje ya uzio wa karakana, katika jua, na kwao si karibu. Nikamwendea, nikapiga goti kwa mbali kama inavyopasa. Akasema, "Nimepita kununua chumvi." Hakuwa na kapu. Kisha akasema, akitazama kando, "Wanasema yupo mmoja humo ndani, Zimamani."

Nikaenda kuuliza. Yupo kweli, kijana mchangamfu. Baba yake yu hai, analima Songea, na jina walipewa na padri. Nikarudi nikamweleza. Mzee akasema, "Vyema. Vyema kama baba yake yu hai." Akaondoka bila chumvi.

Sasa nakuja kwenye salamu. Mfikishie mjomba heshima yangu na maombi yangu ya msamaha. Shangazi wa Korogwe mwambie kanga yake niliikabidhi kwa mtu mwaminifu. Mwalimu wa madrasa aliyenipiga na kunifundisha, mwambie mwanafunzi wake anaandika bado kwa mstari uliopinda. Rajabu, wewe oa, mmoja wetu akae karibu na mama. Somoe anakuamkia, mama, anasema shikamoo ya kwanza ni hii ya karatasi na ya pili ataileta mwenyewe.

Barua ilikuwa imekwisha hapa. Nilikuwa naikunja, nimekaa barazani Likunja, ndipo Mzee Issa alipokuja. Alivuka uwanja wote, akaja mpaka miguuni pa baraza, jambo asilolifanya tangu harusi. Nikainuka niondoke nimpishe, akanizuia kwa mkono.

"Unamwandikia mama yako?"

"Ndiyo, mzee."

Akasema, "Muulize. Kuuliza tu. Marehemu mumewe, ile kazi ya mkonge kwa Mjerumani kabla ya vita. Je, yeye mama aliiona kwa macho, au aliambiwa?"

Akaondoka kabla sijamjibu. Nikabaki na kalamu. Kwa maana mama, wewe ulimjua baba vita ile ya kwanza ilipokwisha. Na Handeni hatukupelekwa kamwe, na jina la Juma mtu aliyetoroka upagazi angeweza kujipa. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwaza hivyo, na sasa siwezi kuwaza jingine. Somoe yuko ndani anatwanga, namsikia, nami naogopa kumwangalia.

Nimemwahidi kuuliza, kwa hiyo nauliza. Uliona, au uliambiwa?

Kama uliona, mwambie Rajabu aandike upesi. Kama uliambiwa tu, na kama baba aliwahi kukutajia Lindi, au upagazi, au kaka aliyemwacha, basi fikiri kwanza. Jibu lako litakaposomwa, nitakuwa nalisoma kwa sauti mbele ya mzee asiyejua kusoma na mke wangu akiwa mlangoni. Wewe ndiwe mama. Ukiona heri nisijue, mwambie aandike kwamba umesahau, nami nitawasomea hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao, ninayekuomba radhi na dua,

Salimu bin Juma